Niliyoyaona katika Madarasa ya Watoto Wenye Ulemavu Huko Japani



Ndugu wapendwa, wazazi na wanafunzi, tangu niliporudi kutoka Japani mwanzoni mwa Desemba 2024, wengi wenu mmenisimamisha msikitini na njiani kuniuliza habari za safari. Wengine mmeuliza juu ya treni, wengine chakula, na wengine mmetaka kujua kama huko kuna Waislamu. Nitayajibu hayo kidogo. Lakini safari yenyewe ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuangalia namna Wajapani wanavyowasomesha watoto wenye ulemavu. Hilo ndilo nitakaloliandika kwa urefu, kwa sababu hapa Buyenzi linatugusa kuliko treni.

Hali ya madrasa yetu mnaijua. Watoto ni zaidi ya mia mbili, vyumba vitatu, walimu watano. Katika hao wamo wanne ambao hawawezi kusoma kwa njia ile ile ya wenzao: binti mmoja kiziwi, mvulana mmoja mwenye uoni hafifu sana, na wawili ambao kuelewa kwao ni kwa taratibu. Kabla sijasafiri, kamati ilikuwa imegawanyika. Upande mmoja ulisema wanne hawa watengewe darasa lao, siku zao na mwalimu wao. Upande wa pili ukasema kuwatenga ni kuwavunja moyo, wakae na wenzao wapate watakachopata. Mama wa yule binti alinifuata baada ya kikao akaniambia maneno haya: "Ustadhi, mimi sitaki mwanangu akae madrasa. Nataka asome madrasa. Kukaa, hata nyumbani anakaa."

Nikasafiri na maneno hayo.

SAFARI NA WENYEJI

Tulikuwa walimu tisa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa, mbali na madrasa, nafundisha pia somo la dini katika shule ya msingi. Tulipitia Addis Ababa, na tulikaa wiki mbili, wiki moja Tokyo na nyingine Kyoto. Mkalimani wetu alitufasiria kwa Kifaransa. Tulitembelea shule sita, na wenyeji walituomba tusizitaje majina wala kupiga picha za watoto. Nitatimiza ahadi hiyo.

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa shuleni bali barabarani. Kando ya njia za miguu, ndani ya vituo vya treni, mpaka kwenye milango ya maduka, kuna vigae vya rangi ya manjano vyenye vinundu na mistari iliyoinuka. Mistari inamwambia asiyeona "endelea", na vinundu vya mviringo vinamwambia "simama, angalia". Vigae hivi vilibuniwa na Mjapani aitwaye Miyake Seiichi mwaka 1965, na mara ya kwanza vilitandazwa mwaka 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Leo vinaonekana katika nchi nyingi duniani. Nikawaza: mtu mmoja alimfikiria mtu asiyeona anayevuka barabara, na fikra yake ikazunguka dunia.

HAWAKUFIKA HAPO KWA SIKU MOJA

Tukiziona nchi tajiri huwa tunadhani zilizaliwa hivyo. Historia ya Wajapani inasema vingine. Shule yao ya kwanza ya wasioona na viziwi ilifunguliwa Kyoto mwaka 1878, na mwalimu aliyeianzisha, Furukawa Tashiro, alikuwa akijibunia mwenyewe vifaa vya kufundishia. Mwaka 1890 mwalimu mwingine, Ishikawa Kuraji, alifanikiwa kuyapanga maandishi ya nukta nundu yafae herufi za Kijapani. Lakini watoto wenye ulemavu wa akili na wale wenye ulemavu mzito wa viungo waliendelea kuachwa nyuma kwa muda mrefu sana. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo alikuwa akipewa ruhusa ya kutompeleka mtoto shule, au ya kuahirisha. Ilikuwa kama huruma, lakini maana yake ni kwamba mlango umefungwa. Ilipofika mwaka 1979 ndipo ikawa lazima kila mkoa uwe na shule za watoto hao, na kila mtoto apokelewe.

Hesabuni: kutoka 1878 mpaka 1979 ni miaka 101. Basi anayetwambia kwamba sisi tumechelewa mno hata hakuna haja ya kuanza, tumkumbushe hesabu hiyo.

Mwaka 2007 wakabadilisha tena mpango wao. Zamani shule zilitengwa kwa aina ya ulemavu: za wasioona, za viziwi, na za ulemavu mwingine. Sasa zote zinaitwa kwa jina moja lenye maana ya "shule za msaada maalum", na zinatakiwa pia kuzisaidia shule za kawaida za jirani kwa ujuzi wao.

NJIA TATU

Leo mtoto mwenye mahitaji maalum Japani anaweza kupita moja ya njia tatu. Ya kwanza ni shule maalum. Ziko zaidi ya 1,100 nchi nzima. Katika ngazi ya msingi na ya kati darasa haliruhusiwi kuzidi watoto sita, na kama watoto wana ulemavu zaidi ya mmoja, haliruhusiwi kuzidi watatu. Njia ya pili ni darasa maalum ndani ya shule ya kawaida, lisilozidi watoto wanane. Njia ya tatu ilianza mwaka 1993: mtoto anasoma na wenzake siku zote, lakini kwa saa chache za wiki anatoka kwenda chumba cha pembeni kusaidiwa lile linalomshinda, kama vile kutamka maneno, kusoma, au kutuliza akili.

Katika shule moja ya Tokyo niliingia darasa la watoto watano na walimu wawili. Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Ukutani kulikuwa na picha zimepangwa kwa mstari: kunawa, kuimba, kuhesabu, kula, kufagia, kurudi nyumbani. Mvulana mmoja mwenye usonji hakuwa akizungumza hata neno moja. Kila shughuli ilipokwisha aliinuka, akabandua picha yake, akaiweka kikapuni, akatazama inayofuata, akarudi kukaa. Mwalimu alinieleza kwamba mtoto huyu alipofika alikuwa akipiga kelele kila walipobadilisha kazi, kwa sababu hakuwa akijua linalokuja. Walipompa picha, akajua. Dawa ya kelele zake ilikuwa vipande sita vya karatasi ngumu.

Chakula cha mchana wanakula pamoja darasani, na mwalimu anakula nao. Chakula ni kile kile kwa wote, ila mwenye shida ya kutafuna hukatiwa vipande vidogo, na mwenye shida ya kumeza husagiwa. Nilimwona mwalimu akimlisha binti mmoja kijiko baada ya kijiko, akingoja kila tonge limezwe, naye mwenyewe chakula chake kinapoa. Hakuonyesha haraka wala uchovu.

Kuna somo ambalo kwetu halina jina. Wao wanaliita somo la kujitegemea. Ndani yake mna mambo sita: afya, utulivu wa moyo, kuishi na watu, kutambua mazingira, viungo vya mwili, na mawasiliano. Kila mtoto ana mpango wake ulioandikwa, na malengo yake ni madogo, yanayoweza kupimwa. Nilionyeshwa mpango mmoja jina likiwa limefunikwa. Lengo la muhula lilikuwa kwamba mtoto aweze kufunga mwenyewe vifungo vitatu vya juu vya shati. Si "aendelee vizuri", si "ajitahidi". Vifungo vitatu.

Kisha kuna daftari la mawasiliano. Kila asubuhi mtoto analeta daftari ambalo mzazi ameandika: amelala vipi, amekula nini, ana homa au hana. Kila jioni mwalimu anaandika: leo amefanya hiki, leo amelia kwa sababu hii, leo amecheka. Mwalimu mmoja mwenye miaka ishirini kazini alituambia kwamba wakimnyang'anya vifaa vyote shuleni wakamwachia kimoja tu, angechagua daftari.

HABARI YA VIZIWI

Hapa nitasimama kidogo, kwa ajili ya yule binti wetu.

Kwa miaka mingi shule za viziwi za Japani, kama zilivyokuwa za Ulaya, zilishikilia kwamba mtoto kiziwi lazima afundishwe kusoma midomo na kutoa sauti. Lugha ya ishara ilionekana kama kitu cha kumzuia asijifunze kusema, na katika shule nyingi haikuruhusiwa darasani. Walikuwepo walioikataa njia hiyo. Takahashi Kiyoshi, aliyekuwa mkuu wa shule ya viziwi ya Osaka, aliitetea lugha ya ishara katika miaka ya 1930 wakati karibu wote walikuwa kinyume chake. Lakini mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2008 ikafunguliwa Tokyo shule ya Meisei Gakuen, ambayo inafundisha kwa lugha ya ishara ya Kijapani na kwa maandishi. Mwaka 2011 sheria ya nchi ikaitambua ishara kuwa ni lugha, na mwaka 2013 mkoa wa Tottori ukawa wa kwanza kuitungia kanuni zake.

Mwalimu mmoja mzee, naye ni kiziwi, alitueleza kwa mikono yake, mkalimani wa kwanza akigeuza kuwa Kijapani na wa pili kuwa Kifaransa. Alisema utotoni alikaa darasani miaka tisa akitazama midomo ya watu. Alijua kutamka maneno mengi lakini maana zake hakuzijua. Alipokutana na viziwi wakubwa wenye kuzungumza kwa ishara, ndipo alipoanza kuuliza "kwa nini". Akatuambia kwamba mtoto asiyeweza kuuliza kwa nini bado hajaanza shule.

Niliyaandika hayo. Kumbe shule inaweza kuwa maalum, yenye majengo na walimu, na mtoto bado akawa peke yake ndani yake.

AKINA MAMA WAWILI

Sasa nije kwenye lile swali la kamati yetu: kutenga au kuchanganya?

Ukifika Japani ukaona hayo niliyoyaeleza, utasema mara moja kwamba kutenga ndiko sawa. Lakini wenyewe hawajakubaliana. Japani iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014. Mwaka 2022 kamati ya mkataba huo iliwahoji, kisha ikawataka waache kuwatenga watoto wenye ulemavu katika shule na wawaelekeze kusoma pamoja na wengine. Serikali ikajibu kwamba haina mpango wa kuzifunga shule maalum. Na wakati mabishano yanaendelea, watoto wanaopelekwa huko wanaongezeka. Katika miaka kumi hadi 2022, watoto wa madarasa maalum ndani ya shule za kawaida waliongezeka zaidi ya maradufu, wakazidi 350,000, ingawa watoto wote wa nchi wanapungua.

Tulikutanishwa na wazazi. Mama mmoja alisema mwanawe alianzia shule ya kawaida, akawa anachekwa, anajificha chooni wakati wa mapumziko. Alipohamia shule maalum akaanza tena kucheka. "Nani ataniambia nimemtenga?" akauliza. "Kule ndiko alikokuwa ametengwa."

Mama wa pili alisubiri mwenzake amalize, akainama kidogo kwa adabu yao, akasema: "Mwanangu anapandishwa basi asubuhi, anarudi jioni. Shule yake ni nzuri na walimu wanampenda. Lakini mtaani kwetu hakuna mtoto hata mmoja anayemjua jina. Mimi na baba yake tukifa, nani atamsalimia?"

Ukumbi ulinyamaza. Nilimfikiria kila mtoto wa Buyenzi, kwa sababu sisi umasikini tunao, lakini mtaa wa kusalimiana bado tunao. Mtoto wetu mwenye ulemavu anaweza kukosa mwalimu wa kumfundisha, lakini muuza mandazi anamjua jina. Wao wana walimu, nao wanahangaika kuutafuta mtaa. Sisi tuna mtaa, kilichobaki ni kutafuta elimu. Tusifanye haraka kutupa tulicho nacho ili tupate wanacholalamikia wenzetu.

Wenyewe wanajaribu kuziba pengo hilo. Tangu mwaka 2007 mkoa wa Tokyo una utaratibu wa mtoto wa shule maalum kuandikishwa pia katika shule ya mtaani kwake, akawa anakwenda siku chache kusoma au kucheza nao, au angalau wanapelekeana barua. Ni kidogo, lakini inaonyesha kwamba wamelijua tatizo.

Mwalimu mmoja aliposikia nazungumza Kiswahili alitabasamu akasema "Totto!" Nikadhani anamwita mtoto. Kumbe ni jina la utotoni la mtangazaji wao mashuhuri, Kuroyanagi Tetsuko, aliyeandika mwaka 1981 kitabu juu ya shule yake ya utotoni mjini Tokyo, ambapo watoto wenye polio na wasio nayo walisoma na kucheza pamoja. Shule ile iliungua kwa mabomu mwaka 1945. Mwaka 1984 alikwenda Tanzania akiwa balozi wa UNICEF, ndipo alipogundua kwamba jina lake linafanana na neno letu "toto". Kwa hiyo hata huko, fikra ya kuwasomesha watoto pamoja si ya kuletewa na Umoja wa Mataifa tu.

JE, SISI TUNA MFANO?

Siku ya Ijumaa tulipelekwa msikiti mkubwa wa Tokyo, ambao ulijengwa mara ya kwanza mwaka 1938 na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 2000. Basi nawajibu mliouliza: ndiyo, Waislamu wapo, na Kobe kuna msikiti tangu 1935. Nilipokuwa nimekaa pale nikisubiri khutba, nilimkumbuka sahaba Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.). Habari yake katika Surat Abasa kila mwanafunzi wangu anaijua. Lakini tuangalie na yaliyofuata. Alikuwa haoni, akapewa kuadhini pamoja na Bilal (R.A.). Adhana ya alfajiri inahitaji kuiona alfajiri, naye haoni, basi watu walikuwa wakimwambia kwamba kumekucha, ndipo anaadhini. Mtume (S.A.W.) aliposafiri, zaidi ya mara moja alimwachia Madina.

Hakutengewa msikiti wake. Wala hakuambiwa akae safu ya nyuma apate atakachopata. Alipewa kazi ya kweli katikati ya watu, na akapewa msaada uliohitajika ili aiweze. Mambo yote mawili kwa pamoja. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la kamati: swali la kutenga au kuchanganya linakuja nyuma ya swali la kwanza, nalo ni mtoto huyu anahitaji nini ili asome.

TULICHOANZA

Baada ya kuwasilisha ripoti yangu, kamati ilikubali tujaribu kuanzia Januari 2025. Watoto wanne wanasoma na wenzao siku zote. Siku mbili kwa wiki, baada ya swala ya Alasiri, wanatoka kwa nusu saa kwenda chumba kidogo, na mwalimu mmoja anashughulika nao. Kila mmoja ana daftari la mawasiliano, la kurasa 48, la bei ya chini kabisa dukani. Mzazi asiyejua kuandika humwambia kaka au dada wa mtoto aandike.

Mvulana mwenye uoni hafifu amekaa mbele karibu na dirisha, na tunamwandikia aya kwa kalamu nene, herufi kubwa kama kidole. Amehifadhi sura saba tangu hapo. Wale wawili wana picha zao ukutani: udhu hatua kwa hatua, zimechorwa na mwanafunzi wetu wa darasa la juu. Mmoja ameshaweza kutawadha bila kuambiwa, jambo ambalo lilikuwa lengo lake la muhula.

Kwa yule binti, kazi ni kubwa zaidi, nami sitaki kuwapamba maneno. Kijana mmoja kiziwi, fundi cherehani, anakuja kila Jumamosi kutufundisha ishara, walimu na watoto pamoja. Watoto wanatushinda kwa mbali. Wasichana wa safu yake wameshampa kila mmoja jina la ishara, na mimi nimepewa langu: kidole kuzunguka kidevuni, yaani mwenye ndevu. Wiki iliyopita tulikuwa tunasoma kisa cha Nabii Yunus (A.S.) akauliza, kwa mikono, kwa nini samaki hakumtafuna. Darasa zima likageuka kunitazama ningejibu vipi. Nilijibu kwa ishara nne nilizozijua, na rafiki yake akamalizia.

Bado tuna upungufu. Fundi cherehani tunampa nauli tu, naye anapoteza kazi za Jumamosi. Chumba kidogo kinavuja. Mwalimu wa zile nusu saa anahitaji mafunzo, na hilo kamati italizungumza.

Lakini ombi langu kwenu leo si la fedha kwanza. Najua kuna nyumba katika mitaa yetu zenye watoto ambao hawajawahi kuletwa madrasa wala shule, kwa aibu au kwa kuwahurumia. Wazazi, waleteni. Njooni na mtoto siku yoyote ya wiki baina ya Alasiri na Magharibi, tukae naye tumjue. Tutaanza na kitu kimoja kidogo anachoweza kukifanya, tutakiandika katika daftari, na mwisho wa muhula tutaangalia pamoja.

Wabillahi tawfiq.